Gunia Juu ya Dohani

Mgeni wa tatu alipotapika juu ya zulia jipya, ndipo Barwaqo alipolikumbuka gunia.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika la pili la chai ya maziwa ya ngamia, tabasamu la mama mwenye binti wa kuposwa limemganda usoni. Mgeni wa kwanza alisema kichwa kinamgonga, wakadhani ni uchovu wa safari; Hulugho si karibu, na barabara ile huumiza kichwa hata cha punda. Wa pili alisema miguu imemlegea, wakadhani ni nyama. Alikuwa amekula kama mtu anayelipiza kisasi. Lakini wa tatu alikuwa mzee Keinan mwenyewe, ami yake mchumba, aliyeletwa na bakora yake kumwomba Yurub kwa niaba ya kijana wao Mursal. Mzee huyo alitapika, akakitazama alichokitapika kwa adabu, kana kwamba ni cha mtu mwingine, kisha akaenda chini kwa ubavu, taratibu, kama ngamia anayepigishwa magoti.

Gunia. Ya Rabi, lile gunia.

Jiko la Barwaqo limepakana na sebule ukuta kwa ukuta, na katikati ya ukuta huo pana kidirisha cha kupitishia sahani. Dohani, au chimni kama inavyoitwa mtaa mzima wa Waberi hapa Garissa, ilikuwa inavuta vizuri mno. Ilivuta moshi, ilivuta joto, na siku hiyo ya wageni ikaamua kuvuta na unsi, ule ubani wa kupikwa. Barwaqo alikuwa ameupika unsi ule kwa mikono yake, sukari na udi na mafuta mazuri, siku mbili nzima, akautia kwenye chetezo tangu asubuhi. Na kila alipoingia sebuleni hakunusa kitu. Harufu yote ilipita kidirishani, ikaingia jikoni, ikapanda dohani, ikaenda kuwanukia korongo wa jalalani.

Mgeni akiingia nyumba asinuse unsi, huuliza kimoyomoyo kama nyumba hiyo ina mwanamke. Watu wa Hulugho wangekwenda kusimulia nini? Kwa hiyo Barwaqo alikopa ngazi kwa jirani yake Maka, akapanda juu ya paa la jiko, mwanamke wa miaka hamsini na uzito wake wote, akasokomeza blanketi kuukuu ndani ya gunia la mchele, akalizamisha kwenye mdomo wa dohani, chini ya kofia yake ya bati, akalikaza kwa waya. Akashuka. Akafunga madirisha. Unsi ukakaa. Sebule ikanukia kama pepo ndogo. Na jikoni makaa ya chai na ya nyama yakaendelea kuwaka, mekundu, matulivu, bila hata uzi mmoja wa moshi wa kumwonya mtu. Yeye mwenyewe kichwa kilianza kumwuma tangu adhuhuri, akasema ni furaha.

"Watoeni nje," akasema sasa, akaliweka birika chini. "Fungueni madirisha. Wote nje."

"Ni jicho," akasema mumewe Adow, ambaye alikuwa amekwisha kupiga magoti karibu na Keinan akimsomea. "Kuna mtu ametuona tukishusha ule mchele kwenye tuktuk. Nilisema tushushe baada ya magharibi."

"Jicho utalisomea uani. Mshike miguu."

Wakawaburuta, wakawalaza chini ya mwarobaini, wazee watatu wa Hulugho na shuka zao safi, kuku wakizunguka kuwakagua. Upepo ukawapiga. Wawili wakaanza kulalamika, na hiyo ilikuwa dalili njema. Keinan alifumbua jicho moja, akaliona anga, akalifumba.

Tuktuk tatu zikaitwa. Barwaqo alirudi jikoni mbio, akamwagia makaa maji, akatazama juu kwenye koo jeusi la dohani. Hapakuwa na mwanga wowote. Akatoka akafunga mlango, akajifunga na mdomo wake.

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa Kitui, miwani juu ya nywele, amechoka lakini ana huruma. Aliwatia wagonjwa hewa kwenye mipira ya puani, kisha akamgeukia Keinan aliyekuwa amekaa kitako sasa, kofia imempinda.

"Mzee, unasikia nini?"

"Dagitari, kichwa inabigwa kama ngoma," Keinan akasema. "Na mimi sikualika ngoma."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mlikuwa mmewasha makaa ndani?"

"Jikoni," akasema Adow. "Lakini jiko letu lina chimni. Si nyumba ya hivi hivi."

"Chimni inapitisha?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Barwaqo alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, na mdomo wake ulikuwa umefunguka tayari. Neno gunia lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini Adow alikuwa dereva wa lori la mifugo miaka ishirini, na dereva wa lori hampi mtu njia.

"Itapitishaje?" akasema. "Imejengwa na nani? Nilimpa kazi mmoja wa wale wahunzi, watu wa nyundo. Yule Shuaib. Nikasema maskini naye ale. Tazama sasa, alitaka kutuzika wote, na wageni wetu juu."

Barwaqo akafunga mdomo. Alijiambia, ngoja tufike nyumbani.

"Sikilizeni," daktari akasema. "Makaa yakiwaka hutoa hewa ambayo haina rangi wala harufu. Huioni. Inaingia kwenye damu inakaa pale pa pumzi. Mtu anaona usingizi, analala, haamki. Kama mngekaa nusu saa nyingine na madirisha yamefungwa, saa hizi ningekuwa nawaandikia karatasi za aina nyingine. Hiyo chimni msiitumie mpaka ikaguliwe."

"Haitatumika," Adow akasema. "Itabomolewa."

Wakati wa kutoka, Keinan alimwita Barwaqo karibu. Alimwambia kwa upole kwamba watalala Garissa kwa jamaa zao mpaka Jumamosi, wapate nguvu, kisha watarudi kwao. Juu ya ile posa hakusema kitu. Barwaqo naye hakuuliza. Yurub, binti yake, alikuwa amesimama kando ya ukuta akivuta ncha ya mtandio wake, macho makavu, na kutouliza kwake kulimwumiza mama kuliko swali lolote.

*

Kufikia asubuhi ya Alhamisi, siku ya pili tangu wageni waanguke, kila mwenye glasi ya chai Waberi alikuwa amesikia kwamba dohani ya Shuaib inaua. Adow aliisimulia baada ya alfajiri mlangoni kwa msikiti, akaisimulia hotelini, akaisimulia kwa muuza miraa ambaye hakuwa na jiko. Kila alipoisimulia, wageni walizidi kufa.

Barwaqo alipika anjera zake za kuuza, mikate myembamba ya kikaangoni, uani juu ya mafiga matatu. Wateja wawili walipita, wakatazama kikaango, wakaendelea na safari yao. Wa tatu akauliza, "Hii ni ile ya jikoni kwenu, au hii ni ya halali?" Akacheka. Barwaqo akamfungia anjera zake. Alihesabu kejeli hiyo kuwa haki yake.

Saa nne Shuaib akaja. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mrefu, mikono imejaa alama za moto. Alibeba brashi ya waya yenye mpini mrefu. Alisimama langoni kwenye jua, kwa sababu hakuna aliyemwambia apite, na Adow alikuwa amekaa kwenye kivuli hatua sita kutoka hapo.

"Asalaam aleikum, adeer, ami yangu. Nasikia nimekuua."

"Waaleikum salaam. Bado nipo, alhamdulillahi. Si kwa jitihada zako."

"Niruhusu nipande nikaangalie."

"Uangalie nini? Ukafiche ulichokosea?"

"Chimni ile ilivuta mwaka mzima. Wewe mwenyewe ulisema inavuta mpaka kofia za watu. Kitu hakiwezi kuvuta mwaka mzima halafu siku moja kikagoma bila sababu." Shuaib alibadili mkono wa kushikia brashi. "Nilikuambia kila miezi mitatu ipigwe brashi. Imepigwa mara ngapi?"

Adow akacheka, akageuka kutafuta mtu wa kucheka naye, akamkosa. "Mimi? Nipande juu ya nyumba yangu nikakune masizi? Kazi hiyo ina wenyewe."

"Inao. Ndio maana nimekuja."

Barwaqo alikuwa amemtuma Yurub na chai. Yurub alichukua kikombe cha kwanza alichokiona, cha kaure, na Adow akamtazama, kisha akakitazama kikombe. Msichana akarudi ndani. Alitoka tena na kile cha plastiki cha kijani kilichokaa kando ya bomba la maji, kisicho na mkono, cha watu wa kuja kuchimba choo. Akampa Shuaib akitazama chini. Shuaib akapokea, akashukuru, akanywa akiwa amesimama.

Ndivyo walivyo watu wa mji huu. Kisu kilichokata kitovu cha Adow kilifuliwa na babu yake Shuaib. Wembe wa kichwa chake, jembe la shamba la mama yake kando ya Tana, kengele za ngamia wa baba yake, vyote vilipita kwenye moto wa watu hao, na kila kitu kikapokewa kwa mkono wa heshima, isipokuwa mkono ulioleta. Chuma chao ni safi, wao wachafu. Ukiuliza nani alisema hivyo, utaambiwa ni zamani. Zamani ni nani? Ana kaburi wapi, tukamwulize?

"Basi tufanye hivi," Shuaib akasema, akaweka kikombe juu ya ukuta. "Kesho baada ya swala ya Ijumaa. Mwite yule mzee wa Hulugho, waite na unaowataka. Nitapanda mbele yao. Nikikuta kosa ni langu, naibomoa kwa mikono yangu na nyundo naiweka chini. Nyumba nne zilikuwa zimenipa kazi ya chimni. Tangu jana zote zimenikataa. Mmoja alinifukuza hata kabla sijateremka kwenye baiskeli."

"Na ukikuta si kosa lako?"

"Hapo utaniambia wewe."

Nyuma ya pazia la jikoni, Barwaqo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiganja mdomoni. Yurub akaingia, akamkuta.

"Hooyo, uko sawa?"

"Kichwa tu."

"Bado? Turudi kwa daktari?"

"Hiki si cha daktari," Barwaqo akasema.

*

Mpango alioupata ulikuwa mwepesi. Atapanda kabla yao, atalitoa gunia, atalichoma. Kesho Shuaib akipanda atakuta dohani haina kitu, watu watasema jicho, mambo yataisha, kila mtu atabaki na jina lake. Alijirudia hivyo mara tatu njiani, na njia kutoka lango lake hadi lango la Maka ni hatua kumi na mbili.

Maka alikuwa akisuuza madumu ya maziwa. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nataka ile ngazi," Barwaqo akasema.

"Ngazi. Si uliichukua juzi?"

"Nikairudisha."

"Ulisema ni ya kufagia buibui."

"Ndiyo."

"Na leo?"

"Wamerudi."

"Mashallah," Maka akasema, akamimina maji. "Hao buibui wana bidii kuliko wanaume wetu. Lakini umechelewa. Ngazi ameichukua Shuaib sasa hivi, ya kesho. Ameniachia na kipande cha bati kama shukrani. Tazama, bati zuri."

Barwaqo akaketi juu ya dumu. Dumu likalia. Maka akaendelea kusuuza, maji yakitafuta njia kwenye mchanga.

"Barwaqo. Dirisha langu linatazama paa lako."

"Uliniona?"

"Nilikuona unapanda kama mbuzi mwenye mimba. Nikaona gunia linaingia. Nikasema huyu amejua ufundi mpya wa chimni, mimi nauza maziwa, nitasema nini?"

"Unsi ulikuwa unatoka wote."

"Najua. Tuliunusa huku. Ulikuwa mzuri, wallahi. Nilifungua na kabati langu, nguo zinukie."

Wakacheka wote wawili, hawakuweza kujizuia. Barwaqo alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kilipoisha akakuta anafuta machozi ya kweli.

"Nikisema, Hulugho watasema mama mkwe amewafukiza kama nyuki. Nani atamwoa binti wa nyumba hiyo? Na Adow. Ameshatangaza mji mzima. Nitamvua nguo mbele ya watu."

"Basi usiseme."

"Na Shuaib?"

Maka akainua mabega. Alikuwa anataka kumfariji jirani yake, hakuwa na nia nyingine. "Shuaib atafanyaje? Amezoea."

Barwaqo aliondoka na neno hilo. Alilipeleka nyumbani, akalipikia chakula cha jioni, akalilalia. Amezoea. Kama punda anavyozoea. Alifikiri juu ya kikombe cha kijani kando ya bomba. Ni yeye aliyekinunua, na alipokinunua alijua ni cha nani, wala hakuna mwanamume aliyemtuma.

*

Ijumaa baada ya swala uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu waliokataa dohani za Shuaib walikuja, na watu wasiokuwa na habari ya dohani walikuja pia, kwa sababu jua lilikuwa kali na hapakuwa na jambo jingine. Keinan alipewa kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, bakora kati ya magoti. Adow alisimama katikati na kanzu yake ya msikitini, ndevu zake zimetiwa hina mpya, nyekundu kama machweo, akiwapanga watu.

Shuaib aliegemeza ngazi ukutani, akaitikisa kuijaribu, akafunga brashi mgongoni. Hakutoa hotuba. Alisema bismillahi akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Cha pili.

Barwaqo alimtazama binti yake mlangoni. Yurub alikuwa amevaa kama siku ya kawaida. Alikuwa ameshakata tamaa kwa adabu. Cha tatu.

"Shuaib, shuka," Barwaqo akasema.

"Mwache apande," Adow akasema. "Si mwenyewe ameomba?"

"Ashuke kwanza. Najua kilichoko juu." Sauti yake ilitoka ndogo, akaikohoa, ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni gunia la mchele. Ndani yake kuna blanketi, lile la mistari lililotobolewa na panya. Limefungwa na waya. Nimeliweka mimi."

Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Amesema nini?" akanyamazishwa kwa kiwiko.

"Uliweka wewe," Adow akasema.

"Mimi. Unsi ulikuwa unatoka na chimni. Nilitaka wageni waunuse. Nikaziba, nikafunga na madirisha. Fundi hana kosa. Nilijua tangu mzee alipoanguka, nikanyamaza kwa daktari, nikanyamaza na jana yeye akiwa amesimama pale kwenye jua. Nimewatendea ubaya, ninyi wageni na yeye. Nisameheni."

Adow alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aache lori, hakukuwa na gia iliyoingia. Watu wote wakamgeukia mzee Keinan, kwa sababu yeye ndiye aliyekaribia kufa, na haki ya kukasirika ilikuwa yake kwanza.

Keinan alisugua kichwa cha bakora kwa kidole gumba. "Unsi ule niliounusa mara ya mwisho? Kabla sijaiaga dunia?"

"Ndio huo."

"Una karafuu?"

"Kidogo."

"Nilijua." Akawageukia wenzake wawili. "Niliwaambia una karafuu, mkabisha."

Kicheko kilianzia kwa Maka juu ya ukuta, kikashuka uani, kikawakumba hata waliokuja wamekunja uso. Shuaib peke yake hakucheka. Alipanda ngazi ile ile mpaka juu, akafungua waya, akavuta. Gunia likatoka taratibu kama kizibo cha chupa. Akalitupa chini, likaanguka miguuni pa Adow na kutoa harufu nzuri sana. Kisha akaingiza mkono ndani ya dohani mpaka kwenye bega, akautoa na bonge la masizi kubwa kama mkate wa kilo. Akashuka nalo.

"Hili gunia ni la mama Yurub," akasema. "Amelikiri, limekwisha. Haya masizi je?" Akayanyanyua watu wayaone. "Haya ni ya mwaka mzima. Haya ni yako, adeer. Hata bila gunia, kufikia mvua zijazo yangeziba yenyewe. Au siku moja cheche ingepanda ikayashika, mkaona moto juu ya paa. Chimni ni koo. Haitaki ukoo wala cheo, inataka kusafishwa."

Mmoja wa wale waliomkataa akauliza, bila kumtazama machoni, ni kila baada ya muda gani.

"Miezi mitatu kwa anayepika kila siku. Na makaa yakiwaka, dirisha moja liwe wazi, hata kuwe na baridi, hata kuwe na wageni, hata kuwe na unsi. Na jiko la makaa halilali na mtu chumba kimoja."

Keinan akagonga bakora chini mara moja. "Haya. Mimi ni mgeni, lakini mila ni moja. Mtu huyu amevunjiwa jina mji mzima. Haal yake iko wapi?"

Haal ni fidia ya kosa la mdomo; aliyetukanwa hupewa kitu mbele ya watu, mbuzi au shuka, ndipo neno lifutike. Kila mtoto wa Garissa anaijua. Mzee mmoja wa Waberi akakohoa akasema kwamba, kwa kweli, kwa desturi, watu wa nyundo hawajapata kutolewa haal. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetaja bei ya sukari. Mwaka mmoja wa ukame baba yake Shuaib alipigwa kisimani kwa kuteka maji kabla ya zamu, na zamu ilikuwa yake. Alipodai haal aliambiwa maneno hayo hayo, kwa upole huo huo. Shuaib alikuwa na miaka saba, amemshikia baba yake ndoo.

"Mbuzi wangu mweupe yupo," Barwaqo akasema. "Ni wangu, si wa mume. Mchukue."

"Mbuzi nitamla ataisha," Shuaib akasema. "Na neno si wewe uliyelisema." Alifungua brashi mgongoni, akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea Adow mpini. "Haal yangu ni hii. Adeer apande akaisafishe. Mimi nitakaa hapa kivulini, nitakunywa chai, nitamwelekeza."

Adow aliutazama mpini. Aliwatazama watu, akatafuta hata mmoja wa kumwambia haiwezekani. Wote walikuwa wanasubiri, na walikuwa wanasubiri kwa furaha. Mwishowe akamtazama mkewe.

"Barwaqo, kanzu hii ni ya Idi."

"Ivue," Barwaqo akasema. "Chini si una kikoi."

Akaivua.

Barwaqo akaingia ndani, akafungua kabati la kioo, akatoa glasi zenye ukingo wa dhahabu ambazo hazikuwa zimetumika ila kwa watu wa Hulugho. Alitandika mkeka chini ya mwarobaini, karibu na kiti cha Keinan, akamkaribisha Shuaib aketi. Shuaib aliomba maji akanawa mikono mpaka viwikoni, bila haraka. Akaketi.

"Shusha mpaka iguse chini," akasema kuelekea paani. "Zungusha. Sasa vuta."

"Inakwama," Adow akasema kutoka juu.

"Haikwami. Wewe unaogopa. Zungusha."

Wingu jeusi likapanda. Watu wakashangilia. Adow akatoka ndani ya wingu akipiga chafya, uso mweusi, kifua cheusi, na ndevu zake nyekundu zimekuwa nyeusi tititi. Barwaqo alimtazama, birika mkononi. Machoni mwake, yule juu ya paa alikuwa tena kijana wa miaka thelathini, mwenye lori la kwanza, aliyekuja kumposa yeye Waberi akiwa na vumbi la Hulugho kwenye kope.

"Mama Yurub," Keinan akasema, akinong'ona ili watu wote wasikie. "Mimi nilizirai kabla ya kuambiwa jibu. Mlikubali au mlikataa?"

Barwaqo akamtazama binti yake. Yurub alijifunika mdomo kwa mtandio, lakini macho hayakufunikwa.

"Tulikuwa tunaelekea kukubali, ndipo ukaanguka."

"Basi nitakaa wima safari hii. Endeleeni."

Nje ya ukuta, katika njia, alikuwa anapita Abdihafid, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, mtu wa ofisini, aliyefika Garissa mwezi uliopita na asiyemjua mtu. Aliona mtu mweusi juu ya paa na brashi, akasimama, akakinga jua kwa faili.

"Warya, fundi," akaita. "Ukimaliza hapo pitia na kwangu. Chimni inarudisha moshi ndani. Lakini uingie kwa mlango wa nyuma, usinichafulie nyumba."

Uani watu wakanyoosha shingo. Adow alisimama wima, masizi yakimdondoka kwenye nyusi. Alimtazama yule mtu na shati lake jeupe.

"Nitaingia kwa mlango wa mbele," akasema. "Ama ubaki na moshi wako."

Abdihafid akashangaa kidogo, akafikiri juu ya moshi. "Sawa, wa mbele basi. Kesho saa ngapi?"

Adow akainama ukingoni mwa paa, akatazama chini kivulini, pale penye mkeka.

"Shuaib," akasema. "Kesho saa ngapi?"

Shuaib alimeza chai yake kwanza.

"Saa mbili," akasema. "Na usichelewe."